Ramula Hayuko Nasi Tena

Walukuba, Jinja
14 Aprili 2025

Kwa Baba yangu mdogo Adrisi,

Asalaam aleikum. Mimi mzima, na Idi niliipitisha usingizini kwa sababu nilitoka zamu ya usiku. Natumaini mgongo umepoa, na Mama Habibah ameacha kunyanyua magunia ya mchele peke yake pale sokoni. Mwambie gauni alilonitumia limenitosha sana. Ketty, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, ameshaliazima mara mbili kwenda nalo kanisani. Na huyo kaka yangu Jamiru nasikia amepata mchumba. Mbona habari za nyumbani nazipata kwa madereva?

Wenzangu wananicheka wakiniona naandika barua. "Si upige simu?" Nawaambia mizinga ya jeshi ilikula masikio ya baba yangu, na herufi za simu yeye huziita chawa. Hapo hucheka zaidi.

Kiwandani kuna jambo linatukosesha raha. Masanduku makubwa yameletwa, yamewekwa nyuma ya ghala. Wanasema ndani mna mashine za kufunga sabuni. Kufunga sabuni ndiyo kazi yetu sisi, watu sitini na kitu. Tumemwuliza msimamizi, anasema tutaambiwa. Tumemwuliza tena, tutaambiwa. Ofisi ya wafanyakazi ina bosi mpya, bwana mmoja Lawrence. Mimi nimemwona mara moja tu, kupitia kioo cha gari lake. Wale wa kabla yake walikuwa wakija kwenye zamu kusimama na kusema. Huyu hutuma ujumbe wa simu, kwa Kiingereza, na nusu yetu hutafuta mtu wa kuwasomea.

Labda ni woga wangu tu. Nisalimie wote.

Mwanao,
Ramula


Namakwekwe, Mbale
24 Mei 2025

Mwanangu Ramula,

Waaleikum salaam. Mvua inanyesha kila jioni, mlima wa Wanale hauonekani kwa mawingu. Jamiru mzima. Mama Habibah anakusalimia, amechoka kidogo.

Jumanne nilikuja kwako nikaondoka bila kukueleza vizuri. Uliniuliza mara tatu, "Baba, kuna nini?" nami nikasema ni makosa ya simu, tumeshukuru Mungu, twende zetu. Sikuweza kusema zaidi. Sasa nakuandikia, kwa maana ukisikia kwa watu utaumia zaidi.

Mchana wa Jumanne simu ya Mama Habibah ililia ujumbe. Ni wa Kiingereza, kwa hiyo akampelekea jirani yetu, Mwalimu Gaster. Mimi nilikuwa uani natengeneza kiti. Nilimwona mwalimu anasoma, anavua miwani, anaifuta, anasoma tena. Halafu akaja mbele yangu, akanisemea taratibu nione midomo yake: "Wanasema wanasikitika kutujulisha kwamba Ramula hayuko nasi tena. Wanasema tuje kuchukua vitu vyake."

Mwanangu, ungeelewa nini wewe?

Tulipiga simu yako. Imezimwa. Tukapiga tena na tena, imezimwa. Sikukumbuka kwamba ukitoka zamu ya usiku huzima simu ulale. Nani angekumbuka? Tulipiga namba iliyoleta ujumbe, haipokei. Wakati huo turubai lilikuwa limeshafungwa uani, wanawake wameshafika, na shehe ametuma watu kuuliza utazikwa saa ngapi. Mama yako mmoja wa jirani alileta sanda. Tukakodi gari, mimi na Jamiru na wazee wawili.

Tulifika kiwandani ofisi zimefungwa. Nilimwuliza askari wa geti, "Mwili wa binti yangu uko wapi?" Akanitazama kama mtu aliyepigwa kofi. Akasema, "Mzee, mimi sijaambiwa kitu. Jaribuni hospitali."

Tukaenda hospitali. Mtunza maiti alikuwa mtu mpole. Alisema ana wasichana wawili ambao hawajatambuliwa, wamegongwa na gari. Wa kwanza nikasema siye. Wa pili alifunuliwa, nami nikasema, "Ndiye." Nilisema hivyo, Ramula. Nilikuwa nimekwisha kukubali, na macho yakafuata moyo. Jamiru alinishika mabega akanigeuza, akanipigia kelele sikioni, "Baba, siye! Mtazame vizuri, siye!" Bado namwona yule mtoto wa watu. Sijui kama ndugu zake wamempata.

Ndipo tukasema twende Walukuba, kwa huyo Ketty, labda anajua ulikofia. Jua lilikuwa linazama. Jamiru akagonga mlango wako ili tu ahakikishe umefungwa. Ukafungua, mswaki mdomoni.

Yaliyobaki uliyaona. Wewe ulidhani nimeteleza pale kizingitini. Sikuteleza.

Niambie huyo aliyeandika ujumbe ule alikuwa na maana gani. Nimekuwa jeshini, nimepeleka habari za vifo kwa wake za watu, lakini jambo kama hili sijaliona.

Baba yako,
Adrisi


Walukuba, Jinja
8 Juni 2025

Baba mdogo mpendwa,

Asalaam aleikum, na Idi njema ingawa imepita. Nisamehe sikuja kuchinja pamoja nanyi. Kulikuwa na shughuli.

Barua yako niliisoma nikaishia kukaa chini sakafuni. Ketty alikuja kuniita chai akanikuta hapo. Nilikuwa najua mlipata ujumbe wa makosa. Sikujua kuhusu turubai, wala sanda, wala yule msichana. Baba, ulisema "ndiye"! Nimejaribu kulala na neno hilo, nimeshindwa.

Si sisi peke yetu. Ujumbe ule ule ulikwenda kwa jamaa za watu wote wa kufunga sabuni. Sam, tunayefanya naye zamu moja, anakaa Mpumudde na dada yake. Alikuwa ametoka kwenda kunyoa. Anarudi, anakuta watu wamejaa uani, moto umewashwa, dada yake yuko chini anagaragara na kuita jina lake. Akauliza, "Nani amekufa?" Mwanamke mmoja alimwona akapiga yowe akakimbia. Sam husimulia hivyo watu wakicheka, lakini akifika mahali pa dada yake hutazama chini.

Kuhusu kazi usijali.

Lakini mbona Mama Habibah hapokei simu yangu? Hupokea Jamiru, kila mara anasema mama yuko sokoni. Hata saa ambazo soko limefungwa? Mwambie anitumie hata neno moja.

Wako,
Ramula


Namakwekwe, Mbale
29 Juni 2025

Ramula,

Waaleikum salaam. Sisi tunaendelea.

Jamiru alipeleka abiria Jinja wiki iliyopita. Akapita Walukuba kukusalimia, hakukukuta chumbani. Alikukuta barabarani, kwenye kibanda cha Ketty, unakaanga chapati. Hakukusogelea. Ketty ndiye aliyemfuata pembeni akamweleza kwamba kazi yako iliisha siku ile ile tuliyokuja kukuchukua maiti.

Nimeshangaa mpaka nimeshindwa kukasirika. Jioni ile ulituambia unakwenda zamu! Ulivaa koti lako la kazi mbele yetu. Ukatuagiza tuwahi njia. Mwezi mzima unaniandikia nisijali. Mwanangu, nimekukosea nini hata usiniambie?

Nilikuwa nimekusudia kuendelea kukugombeza, lakini Mama Habibah ameniwekea mkono juu ya karatasi. Mkono wa kushoto. Wa kulia haunyanyuki.

Mimi pia nimekuficha. Mwalimu Gaster alipotamka maneno yale, mama yako alikuwa amesimama mlangoni. Alianguka palepale. Nilimwacha na wanawake wakimpepea, nikafuata maiti yako. Niliporudi kumwambia kwamba u hai, alinisikia, machozi yakamtoka, lakini mdomo ulikuwa umevutwa upande mmoja na maneno hayakutoka. Daktari anasema ni presha, imepasua mshipa kichwani. Sasa anasema maneno machache, kwa taabu. Neno la kwanza alilotamka ni jina lako. La pili, alinikataza nisikuambie.

Ndiyo maana hapokei simu.

Adrisi


Walukuba, Jinja
10 Julai 2025

Baba,

Sina salamu ndefu leo. Natuma na barua hii dawa ya kuchua ambayo Ketty anasema ilimsaidia mama yake. Ningekuja mara niliposoma barua yako, lakini nilijiapiza nisimkabili Mama Habibah kabla sijamkabili aliyemfanya hivyo. Sasa nimemkabili; nikipata nauli nitakuja.

Jioni ile sikukudanganya. Nilivaa koti nikaenda zamu kweli. Nilidhani ujumbe ni wa makosa. Getini nilikuta wenzangu wamesimama nje, askari amefunga. Kila mmoja anasimulia alivyopigiwa simu na ndugu zake wakilia. Hapo ndipo tukaelewa. Wametufukuza kazi, na namba walizotumia ni zile tulizotoa za ndugu wa karibu, endapo mtu ataumia kazini. Sisi wenyewe hakuna aliyeambiwa. Hata ujumbe wenyewe haukutaja kazi. Nilirudi nyumbani nikakaa kitandani na koti mwilini. Nilifikiri, leo baba amenizika na kunifufua, sasa nimwongezee hili? Nikanyamaza. Kisha kunyamaza kukawa rahisi kuliko kusema.

Ilipofika barua yako, nilikwenda kiwandani asubuhi na Sam. Tukasema hatuondoki mpaka tumwone Lawrence. Alitoka mchana. Baba, ni kijana! Nilikuwa nimejiandaa kwa mtu mzima mwenye kitambi.

Akasema, "Mambo yenu yalishughulikiwa. Ujumbe ulikuwa wazi."

Nikamwuliza, "Unao hapo kwenye simu?"

"Ninao."

"Nisomee. Kwa Kiswahili."

Akasoma upesi upesi: "Tunasikitika kuwajulisha kwamba Ramula hayuko nasi tena. Tafadhali njooni kuchukua vitu vyake."

Alipofika mwisho alisimama. Niliona ameyasikia maneno yake mwenyewe. Akasema polepole, "Ni maneno ya kawaida ya ofisi. Mtu akiacha kazi, tunasema hayuko nasi."

"Na mtu akifa, mnasemaje?"

Ndipo nikamweleza habari za turubai, na za msichana wa pili pale hospitali, na za mkono wa Mama Habibah. Sikupiga kelele. Sam ndiye aliyekuwa akilia. Lawrence alikaa kwenye ngazi za ofisi yake, suti na yote, akasema, "Niliambiwa niwaite wote ukumbini niwaeleze. Niliogopa nyuso zenu. Nikaona simu ni rahisi."

Kisha akaniuliza nyumbani ni Mbale sehemu gani. Nimemwelekeza. Sijui kama atakuja. Akija, ufanye utakavyo.

Mwambie Mama Habibah sikumkosea heshima mtu.

Ramula


Namakwekwe, Mbale
2 Agosti 2025

Mwanangu Ramula,

Waaleikum salaam warahmatullah. Dawa imefika. Mama yako anasema inanuka lakini inasaidia. Juzi alishika kikombe mwenyewe.

Mtu wako amekuja. Alikuja Jumamosi, bila dereva, na sukari kilo tano. Nilikuwa kibarazani. Akaniamkia kwa adabu, akaanza kusema bila kufungua midomo vizuri, anatazama chini. Nikamwambia, "Bwana, mimi masikio yangu ni mabovu. Inua uso, sema kwa sauti."

Akasema tena. Nikamwambia bado sisikii.

Ukweli nilikuwa nimekwisha kumwelewa. Lakini nilitaka majirani wasikie. Akasimama akapaza sauti: "Mzee, mimi ndiye niliyeandika ule ujumbe! Binti yako hakufa! Tulimwachisha kazi, na sikuwa na moyo wa kumwambia!" Majirani wakatoka. Mwalimu Gaster akatoka mpaka uani mwake. Watu wale waliokuja na turubai na sanda walimsikia kwa masikio yao. Nilipoona jasho linamtiririka nikamwambia inatosha, ingia ndani, anayekudai yuko ndani.

Mama yako alikuwa kwenye mkeka, mito nyuma. Akamwuliza kijana, neno moja moja, mimi nikifuata midomo yake, "Unamjua Ramula?"

"Nimemwona siku moja tu, mama."

"Kabla ya hapo?"

"Hapana. Sikumjua."

"Basi ulijuaje hayupo?"

Kijana alilia, Ramula. Alilia kama mtoto aliyepotea sokoni. Mama Habibah akamwacha alie. Kisha akaanza kumweleza wewe ni nani. Kwamba ulizaliwa miguu mbele. Kwamba hupendi maini. Kwamba baba yako alipofariki ulikataa kula mpaka nile nawe sahani moja. Ilimchukua muda mrefu, maneno yalikuwa yanamkwama, na yule kijana hakuinuka mpaka alipomaliza. Kisha akaagiza apewe chai.

Nilikuwa nimekusudia kumfukuza. Nimebaki nashangaa.

Adrisi


Walukuba, Jinja
17 Agosti 2025

Baba mdogo na Mama Habibah, wote wawili,

Asalaam aleikum! Leo naandika haraka, chapati ziko motoni na Ketty ananitazama vibaya.

Ijumaa tuliitwa kiwandani, sisi sote, na mkurugenzi mwenyewe akasimama mbele. Lawrence alikuwa kando yake. Walisema kwa Kiswahili, na Milly wa stoo akatafsiri kwa Lusoga. Mashine zimekuja na hazitaondoka. Kazi ya watu thelathini imekwisha kabisa, na wakatajwa kila mmoja kwa jina, na kila mmoja akaelezwa haki yake na siku ya kuipata. Wengine tunarudi. Watu walilia, wengine walitukana, na hakuna aliyekimbia, hata Lawrence. Mzee mmoja aliyetajwa aliniambia wakati tunatoka, "Angalau leo nimefukuzwa nikiwa hai."

Mimi ninarudi. Lawrence anataka nisaidie ofisini mwake, niwe ninakwenda kwenye zamu na kuwaeleza watu mambo kwa lugha wanayoisikia. Sijamjibu. Nataka nimwulize Mama Habibah kwanza. Ninakuja Ijumaa ijayo. Nimemnunulia kitambaa cha kijani, msimwambie.

Ramula


Mbale
21 Agosti 2025

Ramula,

Barua hii anakuletea Jamiru mkononi. Usingoje Ijumaa. Panda gari naye sasa hivi. Nimemkataza kusema lolote njiani, usimlazimishe, naye anaumia. Lipo jambo ambalo sitaliandika, na sitamtuma mtu aliseme. Mimi mwenyewe nitakuwa stendi, utakuta nimesimama.

Baba yako


Walukuba, Jinja
14 Septemba 2025

Baba yangu,

Asalaam aleikum. Nimefika salama, na nimerudi kazini. Ketty ananipikia, hataki niguse moto. Mwambie Jamiru ale, ameanza kukonda. Na wewe kula.

Nimekaa siku nyingi na kalamu. Naona bado ni kama nimepigwa kichwani, natembea tu. Nikisikia mwanamke anacheka sokoni nageuka.

Nataka ujue jambo moja. Njiani, tulipopita Iganga, nilikuwa nimekwisha kujua. Jamiru alikuwa anatazama dirishani na hakunigeukia hata mara moja. Nilijua, lakini sikuamini, na nikawa najitungia maneno mengine. Labda amezidiwa. Labda ni wewe. Mtu akifichwa hutunga mengi.

Kisha nikakuona stendi, umesimama peke yako katikati ya magari na kanzu yako, watu wanakupita huku na huku. Ulinishika mikono yote miwili. Ukanitazama usoni, ukasema, "Ramula, mama yako Habibah amekufa. Amekufa alfajiri, nimemshika. Hakuumia. Tumekungoja umuone kabla ya kumzika." Ulisema amekufa. Hukuzungusha. Nilitaka kuanguka na wewe ulikuwa hapo wa kumwangukia. Sikuwahi kukushukuru, nilikuwa nalia tu.

Nimekubali ile kazi ya ofisini.

Jumatatu ilibidi mwanamke mmoja, Docus, aambiwe kwamba mkataba wake hautaendelea. Ni mjane, yuko zamu ya mchana, na wiki ile alikuwa mgonjwa nyumbani. Niliingia ofisini nikamkuta Lawrence ameshika simu. Alikuwa ameandika mistari miwili. Akanitazama, akaifuta.

"Anakaa wapi?" akaniuliza.

"Mpumudde, nyuma ya shule."

Tukapanda boda mbili. Docus alitoka nje amejifunga shuka, akatuona, akajua si habari nzuri. Lawrence alikaa kwenye benchi lake, akamwita kwa jina, akamwambia yote: kwamba kazi imekwisha, kwa nini imekwisha, lini, na atapata nini. Mimi nilirudia kwa Lusoga ili lisibaki neno asilolielewa. Aliuliza maswali mengi, na tulilojua tulimjibu, na tusilolijua tulimwambia hatulijui.

Kisha akalia. Hakuna aliyemwambia anyamaze. Kuku walikuwa wanapita miguuni mwetu, mvua ikaanza kudondoka, na sisi tukabaki pale kwenye benchi pamoja naye.

Mwanao,
Ramula